Nusu Reale, Nusu Rupia na Thumuni: Habari za Sarafu za Kale katika Ufuko wa Ujiji

Leo twapenda kuzungumza nanyi, wasikilizaji na wasomaji wetu, juu ya kitu kidogo ambacho pengine kimo nyumbani mwenu, nanyi hamjakitazama vema kwa miaka mingi. Kitu hicho ni sarafu ya kale. Katika nyumba nyingi za Ujiji na Kigoma, na katika vijiji vya ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, babu na bibi waliacha vipande vya fedha ndani ya kasha, au ndani ya kibuyu, au vimefungwa katika pindo la nguo. Wenye kuvirithi mara nyingi hufanya moja katika mambo matatu: humpa sonara avifue kuwa pete, au huvisugua kwa majivu na ndimu mpaka ving'ae, au huviuza kwa mgeni anayevipima kwa mizani. Mambo hayo matatu yana hasara moja. Fedha huenda ikabaki, lakini habari iliyoandikwa juu yake hupotea, na ikipotea hairudi.

Basi twataka kuonyesha jinsi mtu asiye na mali nyingi, hata mwanafunzi, awezavyo kuanza kukusanya sarafu kwa akili. Na shauri letu la kwanza ni hili: asikusanye kila kitu. Achague namna moja tu, aifuate tangu mwanzo hata mwisho. Huko Marekani watu wengi waanzao kazi hii huchagua nusu dola, kwa sababu ni sarafu kubwa, yaonekana vizuri machoni, na ilipigwa miaka mingi mfululizo. Mwanzishaji wa huko hujifunza mapema kwamba nusu dola ya mwaka 1964, yenye sura ya Rais Kennedy, ina fedha sehemu 90 katika 100. Kwamba zile za mwaka 1965 hata 1970 zina sehemu 40 tu. Na kwamba tangu 1971 zile za matumizi ya kila siku hazina fedha kabisa. Kwa kuchagua kipande kimoja, amejifunza habari za nchi nzima.

Sisi nasi tunayo nusu yetu. Kwanza ilikuwa nusu reale, kisha nusu rupia, kisha nusu shilingi ambayo wazee waliiita thumuni. Mwenye kuzipanga hizo mezani kwa taratibu ya miaka atakuwa amepanga historia ya Ujiji.

Lakini yafaa tuanze kabla ya sarafu, maana Ujiji ulikuwa na soko kubwa siku ambazo sarafu haikuwa na kazi huko. Watu walileta samaki, mawese, nafaka, pembe za ndovu, na chumvi ya Uvinza. Tena, kwa huzuni, na wanadamu wenzao waliouzwa kama watumwa. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliandika kwamba vitu sokoni vilipewa bei kwa ushanga ulioitwa sofi, uliofanana na vipande vidogo vya mti wa kiko uliovunjika. Soko lilipofunguliwa, palikuwa na watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakiwapa wanunuzi kwa kubadilishana na ushanga wa namna nyingine. Soko lilipofungwa, watu hao hao walizipokea sofi tena kutoka kwa wauzaji, nao walipata faida asubuhi na faida jioni. Basi Ujiji ulikuwa na wabadili fedha wake kabla Mzungu yeyote hajaweka benki katika nchi hii. Mwenye kudhani kwamba watu wa bara hawakujua fedha mpaka walipoletewa sarafu, na akumbuke sofi.

Pwani, katika zamani zile zile, mfalme wa biashara alikuwa reale. Reale iliyojulikana zaidi ni ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria, kipande kikubwa cha fedha chenye uzito wa gramu 28 na kidogo. Bei za pembe za Ujiji zilihesabiwa Unguja kwa reale, ingawa huku ziwani zililipwa kwa nguo na ushanga. Na nguo iliyopendwa sana ni ile ya Kimarekani, ambayo hata leo twaiita merikani au amerikani, iliyoletwa na wafanya biashara wa Marekani baada ya mkataba wao na Seyyid Said wa mwaka 1833.

Hapa mwanzishaji apate fundisho lake la kwanza. Reale ya Maria Theresa imeandikwa mwaka 1780, na mwenye kuipata hufurahi akidhani ameshika kitu cha kale mno. Lakini malkia yule alifariki mwaka huo 1780, na kwa kuwa watu wa Bahari ya Sham na Afrika ya Mashariki walikuwa wamekwisha kuizoea sura yake, hawakukubali nyingine. Kwa hiyo sarafu iliendelea kupigwa na mwaka ule ule, si Vienna tu, bali katika karne ya 20 hata Rome, London na Bombay. Tarehe iliyo juu ya sarafu, basi, ni neno la shahidi, na shahidi yafaa aulizwe maswali kabla ya kusadikiwa.

Je, nusu reale ilikuwako? Ilikuwako. Seyyid Barghash wa Unguja alitoa sarafu zake mwenyewe zenye mwaka wa Hijra 1299, yaani 1882 kwa hesabu ya Miladi: reale nzima, nusu reale na robo reale za fedha, na pesa za shaba. Pesa zile za shaba zilienea, na hata leo mtu wa kipato kidogo aweza kuzipata. Lakini nusu reale ya Barghash ni adimu mno. Mtu akikujia njiani na nusu reale kumi ndani ya kitambaa, zote nzuri, zote za bei nafuu, mwage kwa adabu, uende zako.

Kilichochukua mahali pa nusu reale ni rupia ya India, na sababu yake yaonekana kwa hesabu. Reale ya Maria Theresa ina fedha safi ya gramu 23 na kitu. Nusu yake ni kama gramu 11 na sehemu 7 za kumi. Rupia ya India ina fedha safi ya gramu 10 na sehemu 7 za kumi. Kwa hiyo reale moja ilikuwa rupia 2 na kidogo zaidi, na mfanya biashara aliyetaka nusu reale aliweza kutumia rupia, akaongeza pesa chache za shaba. Rupia ya Malkia Victoria iliingia bara kwa njia hii, ikisafiri na misafara ya Tabora na Ujiji.

Kisha wakaja Wadachi. Kampuni yao ya Afrika ya Mashariki ilianza kutoa rupia mwaka 1890, na nusu rupia mwaka 1891. Upande mmoja pana sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa chapeo yenye tai juu yake; upande wa pili pana ngao yenye simba na mti. Nusu rupia hizi za Kampuni zina miaka mitatu tu: 1891, 1897 na 1901. Mwaka 1904 serikali yenyewe ilichukua kazi hiyo. Neno la Kampuni likaondolewa, na jina la nchi, Deutsch Ostafrika, likawekwa. Rupia, ambayo kwanza ilikuwa pesa 64, ikafanywa kuwa heller 100. Nusu rupia za serikali ziliendelea hata 1914. Ukizitazama sana utaona herufi ndogo: A ni ya Berlin, J ni ya Hamburg. Herufi hiyo moja, iliyo ndogo kama chembe ya ulezi, yaweza kutofautisha sarafu iliyo nyingi na sarafu iliyo chache.

Nusu rupia ina uzito wa gramu 5 na sehemu 8 za kumi, na fedha yake ni safi sana, sehemu 917 katika 1000. Ni kipande kidogo, lakini tusidhani kwamba kilikuja kwa babu zetu kama zawadi. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, nyumba ya kawaida ya shamba ilitozwa rupia 3, yaani nusu rupia 6. Mtu aliyekuwa na mbuzi, mihogo na mtumbwi, asiyekuwa na rupia, alilazimika kuuza mazao yake au nguvu zake ili aipate. Wengi walikwenda kazi za mashamba na za reli. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na sarafu zikafika pamoja nayo, mifukoni mwa vibarua, mahamali na maseremala. Kwa hiyo ukiona nusu rupia iliyochakaa hata chapeo ya Kaisari haionekani, usiidharau. Kuchakaa kule ni alama za vidole vya watu waliofanya kazi.

Miezi michache baada ya reli kufika, vita vikuu vya kwanza vilianza. Meli za Wadachi hazikuweza kuleta sarafu tena, na fedha ikapungua. Mwaka 1916 Wadachi walipiga sarafu zao Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye sura ya ndovu. Zote zina herufi T, yaani Tabora. Rupia za dhahabu zilizopigwa ni 16,198 tu, na kwa sababu hiyo waongo wamekwisha kuziiga. Heller 20 za Tabora, lakini, zilipigwa nyingi sana, nazo zafaa kwa mwanzishaji: si za gharama kubwa, zilitengenezwa katika nchi yetu wenyewe, na haraka ya vita yaonekana juu yake, maana nyingi hazikupigwa vizuri.

Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma, na Septemba yakaingia Tabora. Wabelgiji walikaa Kigoma mpaka Machi 1921, ndipo nchi ikakabidhiwa Waingereza. Baadaye biashara na ng'ambo ya Kongo haikukoma, maana ziwa kwa watu wa ufukoni si ukuta bali ni njia. Basi usishangae ukikuta kati ya rupia za babu nusu faranga ya Kongo, yaani santimu 50, iliyoanza kupigwa mwaka 1921, yenye sura ya Mfalme Albert upande mmoja na mchikichi upande wa pili. Sarafu hiyo ina namna mbili: moja imeandikwa kwa Kifaransa, nyingine kwa Kiflemi. Mwenye kupata zote mbili amepata ushahidi kwamba nchi ya Wabelgiji ilikuwa na lugha mbili hata katika fedha yake.

Waingereza waliondoa rupia. Mwaka 1920 walileta florini yenye thamani ya shilingi 2 badala ya rupia. Nayo haikudumu, kwa kuwa tangu 1921 shilingi ilianza kupigwa, yenye simba amesimama mbele ya milima. Nusu shilingi, au senti 50, ilikuwa na simba yule yule. Watu wakaiita thumuni, na jina hili lina hekima ndani yake. Thumuni kwa asili ya Kiarabu ni sehemu ya nane. Sehemu ya nane ya nini? Si ya shilingi, maana senti 50 ni nusu ya shilingi. Fanyeni hesabu: reale kwa kukadiria ni rupia 2; rupia 1 ilifanywa kuwa shilingi 2; kwa hiyo reale ni shilingi 4, na sehemu ya nane ya shilingi 4 ni senti 50. Basi reale, iliyokwisha kuondoka sokoni, iliendelea kuishi katika vinywa vya watu. Mama aliyeuza fungu la dagaa kwa thumuni alikuwa akitaja fedha ya malkia wa Austria pasipo kumjua.

Thumuni za Mfalme George wa Tano na za mwanzo za George wa Sita zina fedha robo tu, na uzito wake haufiki gramu 4. Tangu 1948 fedha iliondolewa kabisa, zikapigwa kwa shaba na nikeli. Na mwaka 1966 Tanzania huru ilitoa sarafu zake yenyewe. Senti 50 yetu ilikuwa na sura ya Mwalimu Julius Nyerere upande mmoja, na sungura upande wa pili, yule mjanja wa hadithi zetu. Haikuwa na fedha hata chembe, lakini ilikuwa nusu ya kwanza iliyoandikwa kwa Kiswahili na kubeba sura ya mtu wa nchi hii.

Sasa tazameni mstari huo mzima. Nusu reale ilikuwa na fedha safi gramu 11 na zaidi. Nusu rupia gramu 5 na kidogo. Thumuni ya simba haikutimia gramu 1. Thumuni ya sungura haikuwa na kitu. Mwenye kupima kwa mizani peke yake atasema thumani ilipungua kila siku. Mwenye kusoma atasema kinyume chake: sura ya mwisho ndiyo iliyo yetu.

Tuseme sasa machache ya kumsaidia mwanzishaji. Aanze na thumuni, kwa kuwa ni rahisi kupata, kisha nusu rupia moja, kisha heller ya Tabora. Anunue moja nzuri kuliko tano mbovu. Sarafu aishike ukingoni, si usoni, maana jasho la kidole huacha alama. Asiisugue kamwe, wala kwa mchanga, wala kwa ndimu, wala kwa dawa ya meno. Weusi juu ya fedha ya kale ni kama mvi, hauhitaji kuondolewa, na sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake mbele ya ajuaye. Kila moja aiweke katika bahasha yake ya karatasi, mahali pakavu, kwa sababu hewa ya ziwani ina unyevu.

Katika kununua, atumie macho, mizani na sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Nusu rupia iliyopungua au kuzidi uzito kwa gramu nzima haifai kuaminiwa. Sarafu ya kumiminwa katika kalibu mara nyingi ina vishimo vidogo usoni, na mstari mwembamba ukingoni. Sarafu ya kweli ilipigwa kwa mashine, na herufi zake zina makali. Asinunue siku ile ile aliyoonyeshwa kitu cha bei kubwa. Haraka haraka haina baraka.

Tena kuna jambo zito zaidi. Katika sehemu nyingi za nchi husikika uvumi wa mali iliyofichwa na Wadachi, na wa rupia zenye nguvu za ajabu, ambazo eti mtu wa mbali atazinunua kwa mamilioni. Kwa uvumi huo watu wamechimba mahandaki chini ya miti na karibu na makaburi, na wengine wametoa akiba yao yote kwa matapeli. Twasema wazi: rupia ni fedha na shaba kidogo, haina nguvu nyingine. Wala si halali kuchimba mahali pa kale pasipo ruhusa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda vitu na mahali hapo. Ukikuta sarafu za kale ardhini, acha jembe, ukawaarifu wenye mamlaka. Kitu kilichong'olewa mahali pake pasipo kuandikwa ni kama neno lililong'olewa katika barua.

Mwisho, kila mkusanyaji awe na daftari. Aandike tarehe, mahali alipopata sarafu, aliyempa, na maneno ya huyo aliyempa. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari, na katika kazi hii daftari ndiyo mali yenyewe. Nusu rupia ya 1910 iliyonunuliwa dukani Dar es Salaam ni nusu rupia tu. Lakini nusu rupia ya 1910 ambayo daftari lasema, "Babu alilipwa hii kwa kubeba mataruma ya reli, akaificha asiitoe kwa kodi," hiyo haina mfano wake duniani.

Kwa hiyo kijana ajifunzapo shule, jioni ya leo amwendee bibi yake kwa heshima, wala asiombe sarafu. Aombe kuionyeshwa, kisha aulize ilitoka wapi, ayaandike majibu. Sarafu itaweza kungoja ndani ya kasha miaka mia mingine. Bibi hawezi kungoja hivyo.